Ipange, ipake, alafu ipange tena

Haya ni maongezi niliyotoa kwenye hanga yetu, yaani banda la kuwekea ndege, nje kidogo ya Houston, Texas, kwa wenzetu wanaoanza kujenga ndege ya pili. Nimeyaacha karibu yote jinsi yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi ndo siku ya watu kulala au kuchukua oti kazini, na hanga haina kiyoyozi na joto la mwezi wa nane mnaliona wenyewe, kwahiyo anayetaka kutoka nje kunywa maji atoke tu, mi nitaendelea kuongea.

Hapo mezani kuna belikranki mbili. Msizishike kwanza, tutafika. Kwa wale ambao hamjawahi kufungua bawa, belikranki ni kile kipande cha chuma chenye mikono miwili, kinakaa ndani ya bawa kimefungwa kwa bolti moja katikati, kazi yake ni kupokea msukumo unaotoka kwenye stiki, ule mkono anaoshika rubani kuiongoza ndege, na kuupindisha kona uende nyuma kwenye eleroni, vile vibawa vidogo karibu na ncha vinavyoilaza ndege kushoto au kulia. Hizo mbili ni za upande mmoja wa ndege moja, RV-7 hiyo mnayoiona nyuma yangu, ndege ndogo ya kujijengea mwenyewe. Moja niliiharibu mimi kwa mikono yangu, nyingine ni ile niliyoagiza baada ya kuiharibu ya kwanza. Na nimewaita leo kwasababu ya hiyo ya kwanza.

Ndege kama hii haina haidroliki wala kompyuta kati ya mkono wako na bawa. Ukilaza stiki, bomba la alumini linasukuma belikranki, belikranki inavuta fimbo fupi ya chuma, fimbo inanyanyua eleroni, basi, ni vyuma vimeshikana mkono mwanzo mpaka mwisho. Kitu chochote kinachokwaruza au kinachobana humo rubani anakisikia kiganjani. Ila kuna vitu kiganja hakivisikii, kutu ya ndani ya bomba kwa mfano, haitoi sauti wala haibani, inakula tu taratibu mpaka siku chuma kinakuwa chembamba kama karatasi. Kwahiyo nataka tuongelee vyote viwili kwa pamoja, kupanga (yaani kufunga vyuma hivi na kuvirekebisha vikae kwa vipimo vyake) na kuzuia kutu, kwasababu watu wengi (na mimi nilikuwa hivo hivo) wanadhani ni kazi mbili tofauti, unapanga leo alafu rangi utapaka ukipata muda. Sio mbili. Rangi inabadilisha vipimo, kutu inabadilisha vipimo, na kila ukibadilisha kipimo umevuruga mpangilio.

Kingine mjue hakuna wa kuja kutuokoa. Sheria ya Marekani inatupa uhuru mkubwa kweli, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya hapa, inataka zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda ndege iwe imefanywa na nyie wajenzi wenyewe kwa kujifunza au kwa kupenda tu, ndo ile wanayoiita kanuni ya asilimia 51, na ukishamaliza unaweza kuomba cheti cha ufundi kwa ndege hiyo hiyo moja uliyoijenga, kila miezi 12 unaikagua mwenyewe unasaini mwenyewe. Huo uhuru naupenda sana, mi ningekuwa kwingine nisingegusa ndege maisha yangu yote. Ila mkaguzi anakuja siku moja, anasoma makaratasi, anamulika tochi kwenye vitundu, anaondoka, na lile bomba ulilolifunga kwa riveti miaka 3 iliyopita hawezi kuliona ndani. Aliyeliona mara ya mwisho ni wewe.

Sa niwaeleze hiyo belikranki. Katikati yake kuna kibomba cha chuma kimechomelewa, ndani ya kibomba inaingia bushi ya shaba nyeusi, ndani ya bushi inapita bolti. Ukikaza bolti, inatakiwa ibane bushi kati ya mabano mawili ya bawa, bushi isimame imara isizunguke, alafu belikranki yenyewe izunguke juu ya bushi. Ili hilo litokee bushi lazima iwe ndefu kuliko kile kibomba, kidogo tu, nywele mbili tatu. Bushi inakuja ndefu, unaipunguza kwa tupa na msasa mpaka ufike hapo. Mi nilifanya vizuri kabisa, nilipiga msasa, nikapima kwa kalipa, nikafunga, ikazunguka laini, nikafurahi. Alafu nikaifungua nikaipeleka kupigwa rangi ya pauda, ile inayopulizwa kavu na kuokwa kwenye oveni, kwa fundi mmoja wa rangi hapa mjini.

Rangi ya pauda kwa kawaida inakaa unene wa mikroni 50 mpaka 100. Kibomba kina ncha mbili, kwahiyo kimerefuka mpaka 0.2 mm. Nafasi niliyoacha ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Kufunga, bolti ikakibana kibomba badala ya bushi, belikranki ikawa nzito, ukiisukuma inakwenda kwa kusitasita kama mlango wa kabati uliovimba mvua. Pale ningesimama nikatafuta sababu ningeijua kwa dakika kumi. Badala yake nikalegeza nati kidogo, ikawa laini, nikaendelea na mambo mengine.

Kulegeza nati ndo kosa lenyewe, naomba mlishike. Bolti ikiwa imelegea, bushi inazunguka pamoja na bolti, bolti inasaga mabano ya bawa, na mabano yale ni alumini, matundu yanapanuka. Rafiki yangu aliyekuja kukagua, bwana mmoja fundi wa ndege za abiria, alishika nati kwa vidole viwili ikazunguka, akaniangalia tu. Nikafungua tena. Nikaona ndani ya kibomba pia rangi imeingia, nikachukua drili ya mkono nikaanza kuisafisha kwa kutumia biti ya kutobolea, hiyo sasa ilikuwa ni haraka juu ya haraka, drili ikayumba, tundu likawa kama yai. Alafu nilipoiweka pembeni kusubiri, chuma kitupu bila grisi, mvua za Ghuba ya Meksiko zikapita wiki tatu, kuja kuangalia ndani kumeshaota kutu ya kahawia. Na chini ya rangi kwenye uchomeleaji ilishaanza kuvimba vipele, kwasababu pale hapakusafishwa vizuri kabla ya kupulizwa, masizi ya kuchomelea yalibaki chini. Mi ndo sikuuliza ataisafishaje. Belikranki ile haikuruka hata siku moja.

Kwahiyo utaratibu ninaowaomba mfuate ni kwamba unapanga kila kitu kikiwa kikavu, bila rangi, mpaka mwisho kabisa, stiki inakwenda pande zote laini. Alafu unafungua vyote, unasafisha, unapaka. Alafu unapanga upya kama hujawahi kuvipanga, unapima bushi upya, kila kitu upya. Watu wanaichukia hiyo hatua ya tatu, wanaona nilishafanya hii jamani. Hujafanya. Ulipanga vyuma vitupu, sa hivi una vyuma vyenye ngozi.

Kabla ya kwenda kupakwa, matundu ya bushi na ncha za kibomba unaziba kwa vizibo vya silikoni au tepu ya kuhimili joto, na ikiwa rangi imepenya hata hivyo inatolewa kwa rima, kile kifaa cha kupanulia tundu kwa kipimo kamili, taratibu kwa mkono, sio kwa drili. Zile sehemu ulizoziacha bila rangi unazipaka grisi siku hiyo hiyo. Sio kesho. Hapa kwetu kesho ni mbali.

Maana hii Houston tunayoishi ni adui. Wale wa Dar, Mombasa, Unguja mnajua bati la jikoni linavyokuwa kando ya bahari, hapa ni hivo hivo alafu inaongezeka kitu kimoja ambacho kule hatuna. Kuanzia mwezi wa kumi na moja baridi ya kaskazini inashuka usiku mmoja, vyuma vyote ndani ya hanga vinapoa kama vimetoka kwenye friji, alafu baada ya siku mbili upepo wa Ghuba unarudi na unyevu wake na joto lake, na vyuma bado baridi. Vinatoa jasho. Nimewahi kuingia humu asubuhi nikakuta maji yanadondoka kwenye jiliwa, mlango umefungwa na paa halivuji. Maji hayo yanaingia kila mahali ambapo hewa inaingia, na ndani ya bomba lisilozibwa hewa inaingia na kutoka kila siku, linapumua, linaacha unyevu kidogo kidogo.

Kwa sababu hiyo hiyo siku ya kupaka usiangalie jua, angalia unyevu. Kanuni ya wapaka vyuma ni kwamba chuma chenyewe kiwe na joto angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande unaanza kutokea, chini ya hapo unapaka rangi juu ya maji usiyoyaona. Unasugua mpaka chuma kinang'aa, kama una kabineti ya kupuliza mchanga vizuri zaidi ila mabano na beringi zikae mbali na mchanga huo, unafuta kwa asetoni na kitambaa safi, kitambaa kingine safi tena, na baada ya hapo usishike kwa mkono mtupu maana jasho la kidole ni chumvi na alama ya kidole itaota kutu kwa umbo la kidole kabisa, nimeiona. Unapaka praima ya epoksi ndani ya masaa machache. Chuma kilichosuguliwa kikilala usiku mmoja hapa Houston, kesho yake ni kazi ya kuanza upya.

Na zile praima za zamani za kijani kibichi zenye kromati, wazee wa ndege wanazisifu, na kweli zinazuia kutu vizuri sana, ila kromiamu ile ni sumu ya kansa ikiingia mapafuni. Ukitumia vaa maski ya vichujio sio barakoa ya kitambaa, na usisugue ikiwa kavu humu ndani na watoto wamekuja kutuangalia.

Turudi kwenye ndani ya bomba. Ile fimbo fupi inayokwenda kwenye eleroni ni bomba la chuma la nusu inchi, ncha zake mbili zinazibwa na vipande vyenye uzi wa skrubu vinavyofungwa kwa riveti. Nje inapigwa rangi nzuri inapendeza. Ndani je? Mi ya kwanza nilikata, nikaijaribu, nikaiacha kwenye rafu kiangazi kizima. Siku ya kuifunga nikaigonga kwenye karatasi nyeupe, ikadondosha unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Ningeifunga bila kuigonga, ule unga ungebaki humo unaendelea.

Sa hivi nafanya hivi, ndani nasukuma kitambaa chenye asetoni kwa fimbo mpaka kitoke cheupe, nachanganya praima nyepesi kidogo, namimina, naziba ncha kwa vidole vyenye glavu, nalizungusha na kulipindua mpaka kote kulowe, namwaga iliyobaki, nalisimamisha wima likauke. Vile vipande vya uzi navipaka praima mbichi kabla ya kuviingiza na riveti nazipiga praima ikiwa bado mbichi, ili maji yasipate njia ya kupita pembeni. Wajenzi wa zamani wa ndege za mabomba walitumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, wanatoboa kitundu, wanamimina mafuta ya moto, wanapindua, wanamwaga, wanaziba. Inafanya kazi mpaka leo kwa mabomba yaliyochomelewa pande zote ambayo huwezi kufika ndani. Ila vitambaa vyenye mafuta ya kitani msivikunje mkavitupa kwenye pipa, vinapata joto vyenyewe na kuwaka moto vyenyewe, vitandazwe nje au vizamishwe kwenye ndoo ya maji.

Babu yangu Pangani alikuwa na mashua, na kila mwaka anaipandisha ufukweni kuikalafati na kuipaka sifa, mafuta ya papa, harufu yake naisikia mpaka leo. Kitu kimoja alichokuwa anafanya sikukielewa mpaka nimekuwa mtu mzima na nimeshika riveti: msumari hakuupiga mkavu, aliuviringishia pamba iliyolowa mafuta chini ya kichwa alafu ndo anaugonga. Ukimuuliza anasema chuma kinakufa kwenye tundu lake. Kichwa cha nje unakiona, unakipaka. Shingo iliyo ndani ya mbao hutaiona tena. Ndo nilichokuwa nakifanya na ile praima mbichi, sikujua kama nimefundishwa.

Bolti. Bolti za ndege za daraja la AN zimepakwa kadmiamu, ile rangi ya dhahabu iliyofifia, na sababu sio urembo, kadmiamu inaelewana na alumini, chuma kitupu kikigusana na alumini mahali penye chumvi na unyevu alumini inaanza kuliwa. Dada mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kwanini tusinunue bolti za stenlesi dukani, hazipati kutu na bei rahisi. Swali zuri. Bolti ya AN ya kawaida ina nguvu ya angalau pauni 125,000 kwa inchi ya mraba, stenlesi ya kawaida ya dukani iko chini sana ya hapo, kwenye 70,000 hivi. Kwenye geti la nyumba weka stenlesi. Kwenye stiki hapana. Na bolti ya AN iliyoanza kutu usiizamishe kwenye asidi kuisafisha wala usiisugue kwa msasa, asidi inaweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu kikawa cha kupasuka bila onyo, na msasa unaondoa kadmiamu na vumbi lake ni sumu. Itupe. Bolti ndogo ni dola chache tu.

Sa kupanga. Hapa msikimbie.

Unaanza na katikati. Belikranki unaifunga kwa jigi, kibao tu kilichokatwa kwa kipimo cha mchoro, ikae kwenye nafasi yake ya kati isicheze hata kidogo. Alafu unachukua rula ndefu iliyonyooka unaipitisha kwenye matundu ya ubavu wa mwisho wa bawa, na ukingo wa nyuma wa eleroni unatakiwa ukutane na mstari huo. Msitumie flapu, kile kibawa cha nyuma kinachoshushwa wakati wa kutua, kama kipimo cha kwanza, flapu mmeifunga nyie na inaweza kuwa imekaa vibaya, mkaishia kupanga kosa juu ya kosa. Fundi mwashi hapimi ukuta kwa ukuta mwingine, anashusha timazi.

Urefu wa fimbo unaurekebisha kwa rodiendi, zile ncha zenye mpira wa chuma ndani. Uzi wa rodiendi ndogo una mizunguko 32 kwa inchi, kwahiyo nusu mzunguko ni kama 0.4 mm, na hiyo 0.4 kwenye mkono mfupi wa belikranki utaiona kabisa kwenye ukingo wa eleroni. Zungusha za pande zote mbili sawasawa, usitoe upande mmoja wote. Uzi unaobaki ndani usiwe mfupi kuliko mara moja na nusu ya unene wake. Ikiwa umeizungusha mpaka imebaki kidogo na bado haifiki, basi fimbo umeikata fupi, kata nyingine, usiitetee.

Alafu kuna kitu watu wengi wanakiruka. Ukishaweka urefu, kabla ya kukaza nati ya kubania, shika fimbo katikati uizungushe kwa vidole kwenye mhimili wake. Inatakiwa icheze kidogo kulia na kidogo kushoto, sawasawa. Ikicheza upande mmoja tu, maana yake rodiendi moja imekaa imeinama, na stiki ikifika mwisho wa mwendo wake ile pete itagonga shingo ya bolti, itajikunja kidogo kila safari, na chuma kinachokunjwa kidogo kila siku kinakatika siku moja. Ishike rodiendi kwa spana moja, kaza nati kwa spana nyingine, angalia tena. Alafu weka mstari wa rangi ya alama juu ya nati ili siku ikilegea uione kwa tochi.

Ile washa kubwa ya pembeni ya rodiendi, kisahani cha chuma chenye tundu, kipana kuliko pete yake, msiiache kwasababu haionekani kufanya kazi. Mpira wa ndani ukichomoka, washa hiyo ndo itazuia fimbo isivuke kichwa cha bolti na kuanguka, utakuwa na eleroni inayogongagonga lakini ipo. Na popote ambapo bolti ni mhimili wa kitu kinachozunguka, nati iwe ya taji na pini ya kupasua, sio ile ya nailoni peke yake.

Digrii za mwendo mnazisoma kwenye mchoro wenu, kwa RV-7 eleroni inapanda 25 mpaka 32 na kushuka 15 mpaka 17 tu. Kuna mtu hapa mwaka jana alidhani ni makosa akataka azisawazishe. Sio makosa, eleroni inayoshuka inavuta hewa zaidi na kuipinda pua upande usiotaka, kwahiyo wameipunguza makusudi, na belikranki zimewekwa kona ile ili zitoe tofauti hiyo. Kama digrii zako hazitokei hivo, usianze kusaga vizuizi, rudi uangalie jigi. Na mjaribu mwendo wote mtu mzima akiwa amekaa kitini na mkanda, suruali ya kawaida, mguu wake mahali pake, alafu waya zote za redio zimeshafungwa, maana stiki iliyokuwa huru kwenye ndege tupu inaweza ikagonga paja.

Mwelekeo sasa. Mtasema nani atafunga eleroni kinyume. Tarehe 23 Agosti 1947 Roy Chadwick, yule aliyechora ndege ya kivita ya Lancaster, mtu aliyejua ndege kuliko sisi wote humu, alikufa Woodford kule Uingereza ndani ya Avro Tudor iliyoanguka mara tu baada ya kuruka kwasababu kebo za eleroni zilifungwa kinyume. Mtasema zamani hiyo. Novemba 11, 2018 Embraer 190 ya Air Astana ilitoka Alverca, Ureno, baada ya matengenezo makubwa, kebo za eleroni zimepishanishwa, marubani wakapambana nayo angani wakishuka na kupanda mpaka wakaitua Beja mara ya tatu kujaribu, kwa rehema za Mungu wote wakawa hai. Zile ni karakana zenye mafundi wenye leseni. Ukihangaika kushoto-kulia kichwani kwako, shika stiki dole gumba limeelekea juu, laza stiki, dole gumba litaelekea upande wa eleroni iliyonyanyuka. Ikinyanyuka ya upande mwingine, zima kila kitu. Na ifanye kwa kuangalia kwa macho, sio kwa kusikia kwamba inacheza.

Kuhusu grisi niseme kidogo tu. Alaska Airlines safari 261, Januari 31, 2000, watu 88 waliishia baharini mbele ya California kwasababu skrubu inayopanga mkia haikupakwa grisi ya kutosha, uzi wa nati yake ukasagika ukaisha. Bushi zetu ni kitu kidogo cha aina hiyo hiyo. Mzee wetu hapa ameuliza kuhusu WD-40, mzee wangu, ile inafukuza maji kweli ila haikai, na ukiipuliza kwenye beringi inaosha grisi iliyokuwepo. Kwenye bushi weka grisi, kwenye vyuma vilivyofichika ndani ya bawa puliza mafuta ya kuzuia kutu kama ACF-50 au CorrosionX yanayotambaa, yatachuruzika kwenye riveti wiki kadhaa msishtuke. Rodiendi zenye tefloni ndani hazitaki mafuta yoyote, someni karatasi iliyokuja nayo.

Haya. Sa njooni mezani, mmoja mmoja, na naomba mfumbe macho. Zungusheni ya kushoto kwanza, ile niliyoiharibu, nimeifunga kwenye mabano yake ya majaribio na nati imekazwa kwa toki sahihi, yaani nguvu sahihi ya kukazia. Mtasikia panapobana, ni kama robo ya mwendo kabla ya mwisho, alafu inaachia. Kaeni hapo hapo mrudie mara kadhaa mpaka vidole vikariri. Alafu ndo mguse ya kulia.